Risala ya Kikundi cha Wazazi na Majirani wa Katuba kwa Mgeni Rasmi, Lubumbashi, tarehe 17 Mei

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Papa Jaji, wakuu wa avenyu mlioitikia mwito, baba padri na wachungaji, wauguzi wetu, wazazi wenzetu, na ninyi vijana mliochagua kukaa karibu na mlango: karibuni sana.

Papa Jaji, tunajua kwamba kukubali kuja hapa si jambo dogo. Wapo tuliowaalika ambao, walipoelezwa kwamba mkutano ni wa kuzuia ukatili dhidi ya wanaopenda, au wanaodhaniwa kupenda, watu wa jinsia yao, walisema hawataweza. Wewe uliuliza saa tu. Tunakushukuru kwa moyo wote.

Sisi ni wazazi na majirani wa komini hii ya Katuba. Wengi wetu ni mama wa sokoni, wapo walimu, wapo wajane wa wafanyakazi wa Gécamines, kampuni ya migodi. Tulianza kama likelemba ya kawaida, kila mmoja akitoa franga zake na kusubiri zamu yake. Halafu mtoto wa mwenzetu akapigwa. Walimkuta jioni akitoka saluni anakosuka nywele, wakamwita pede, yaani shoga, wakamvua nguo barabarani, wakampiga kwa mbao huku mmoja akirekodi kwa simu. Mama yake aliiona ile video kabla hajamwona mtoto. Zamu yake ya likelemba ilipofika, pesa yote iliishia hospitali. Wahenga walisema uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na siku ile wazazi wote wa likelemba yetu waliujua.

Tulipoanza kuuliza, tukagundua kwamba habari ile haikuwa ya mtoto mmoja. Kuna kijana aliyefukuzwa kwenye parseli, yaani kiwanja, ya baba yake usiku, bila viatu. Kuna binti aliyefungiwa chumbani akaletewa mwanaume "amnyooshe", na familia ikaita jambo hilo dawa. Papa Jaji, wewe unajua kuliko sisi kwamba hilo ni kubaka, na kwamba sheria ya tarehe 20 Julai 2006 kuhusu ukatili wa kingono inamlinda kila mtu, awe mwanamke au mwanaume. Binti yule hakujua. Aliyemwambia ni muuguzi, na alimwambia baada ya miezi mingi.

Kuna pia biashara inayofanyika juu ya hofu hii. Mtu anaandikiana ujumbe na kijana kwenye simu, anamwita mahali, na kijana akifika anakuta watu wanne wanamsubiri. Toa pesa au tunakupeleka polisi, toa pesa au tunamwambia baba yako. Wengine hulipa mwezi baada ya mwezi. Wanalipa kwa sababu wanaamini kwamba wao ndio wenye kosa mbele ya sheria.

Hapo tungependa kukaa kidogo. Wengi wetu tunavuka mpaka wa Kasumbalesa kwenda Zambia kwa biashara. Tunasikia habari za huko, ambako mapenzi ya jinsia moja yanaweza kumpeleka mtu gerezani miaka 15 hadi maisha. Tunasikia habari za Uganda na sheria yake kali ya mwaka 2023. Mtu anarudi nyumbani akidhani na huku kwetu ni hivyohivyo. Lakini Kanuni ya Adhabu ya Kongo haina kifungu kinachosema kupenda mtu wa jinsia yako ni kosa. Muswada wa kuharamisha jambo hilo uliletwa Bungeni mwaka 2010, mwingine ukafuata mwaka 2013, na hakuna uliopita. Kinachotumika kuwatisha watu ni kifungu cha 176, cha matendo ya aibu hadharani. Kijana aliyelala nyumbani kwake, mlango umefungwa, hayuko hadharani. Na majirani zetu wa Angola, ambao nao ni watu wa kanisani kama sisi, wameondoa katazo hilo katika kanuni yao mpya iliyoanza kutumika mwaka 2021.

Hatukuja kubishana kuhusu ndoa. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 40, inazungumzia ndoa ya watu wa jinsia tofauti, na hakuna kijana aliyewahi kutuomba tuibadilishe. Wanachotuomba ni kile kilichomo katika kifungu cha 16 cha Katiba hiyohiyo: kwamba binadamu ni mtakatifu, na dola ina wajibu wa kumheshimu na kumlinda. Hawaombi zaidi ya kufika nyumbani salama. Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu iliyokutana Luanda mwaka 2014 ilipitisha azimio lake namba 275, ikizitaka serikali zetu zizuie na kuadhibu ukatili dhidi ya watu kwa sababu ya wanayempenda, au hata kwa kudhaniwa tu. Azimio hilo ni la Waafrika, limepitishwa Afrika. Tunasema hivyo kwa sababu kila tunapoingia kwenye nyumba tunaambiwa tumetumwa na Wazungu.

Baba padri na wachungaji, tunajua ugumu wenu. Mnakumbuka Januari 2023, siku chache kabla ya kutua Kinshasa, Papa Fransisko alisema wazi kwamba kuwa mpenzi wa jinsia moja si jinai. Mnakumbuka pia Januari 2024, maaskofu wa Afrika wakiongozwa na Kardinali Ambongo walipokataa kubariki wapenzi wa jinsia moja. Watu wengi wamelishika lile la kukataa. Ila katika barua ileile maaskofu waliandika kwamba watu hao watendewe kwa heshima na utu. Tunawaomba mlisome na hilo kwenye mimbari, kwa sauti ileile. Mahubiri ya Jumapili yanafika barabarani kabla ya Jumatatu, nasi tumeona yanavyofika yakiwa yameshika mbao.

Wazee wa mji huu hawahitaji kufundishwa mambo haya yanaelekea wapi. Mwaka 1992 na 1993 majirani zetu wa asili ya Kasai waliitwa bilulu, wadudu, kisha wakafukuzwa kwenye nyumba zao. Walilala stesheni kule Likasi na Kolwezi wakisubiri treni, na wengi walifia hapohapo. Yalianza kwa maneno. Baadhi yetu humu ndani tulifichwa na majirani wakati ule, na wengine ndio waliowaficha. Hatuwezi kuyajua hayo kisha tukae kimya mtoto wa jirani anapoitwa mdudu kwa sababu nyingine.

Sasa tueleze tunachofanya. Tukisikia kelele za watu wanaomzunguka mtu, mama zetu wanatoka pamoja, wakiwa wamevaa vitenge vya kikundi, wanaingia katikati na kuwataja vijana wale mmoja mmoja: wewe ni mtoto wa mama fulani, wewe nilikubeba mgongoni, mama yako anajua uko hapa? Mtu anayepiga akiwa hana jina hupata taabu kuendelea akishatajwa jina. Njia hiyo haifaulu kila mara, na mmoja wa mama zetu alipigwa jiwe la bega. Bado anatoka.

Mtu akiumizwa au kubakwa, tunampeleka hospitali bila kungoja kuche, maana dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI lazima zianze ndani ya saa 72. Wauguzi wawili waliopo hapa wamekubali kumpokea yeyote bila kumuuliza analala na nani, ila lile ambalo tiba inalihitaji. Kabla ya hapo vijana walikuwa wanajitibu kwa vidonge vya sokoni.

Kazi iliyo ngumu kuliko zote ni ya majumbani. Tunakwenda kwa wazazi waliomfukuza mtoto, tunakaa, tunakunywa maji, hatufungui Biblia. Tunauliza tu: usiku huu analala wapi? Kuna baba aliyetusikiliza mara ya kwanza akatufukuza, mara ya pili akalia, na sasa mtoto amerudi, anakula bukari, ugali wetu, na wenzake, ingawa baba bado hazungumzi naye sana. Kuna nyumba ambazo hatujafunguliwa mlango hadi leo. Tutarudi.

Papa Jaji, tuna maombi matatu. La kwanza, utuandikie ukurasa mmoja, kwa Kiswahili cha hapa Lubumbashi, unaoeleza sheria inasema nini na haisemi nini, wenye jina lako chini, ili tuupeleke kwa kila mkuu wa avenyu na kila kituo cha polisi cha komini hii. Maneno yetu hawayaamini, yako watayaamini. La pili, utusindikize kwa wakuu wa parke, ofisi ya waendesha mashtaka, tukawaeleze habari za wanaotoza vijana pesa kwa vitisho, kwa sababu huo ni wizi, na waliotozwa wanaogopa kwenda peke yao. La tatu, utusaidie kuomba cheti cha daktari kisitozwe malipo kwa mtu aliyepigwa, kwani bila cheti hicho kesi hufa kabla ya kuzaliwa.

Vijana wawili wamekubali kuzungumza nawe baada ya mkutano, pembeni, bila kamera. Wamejiandaa kwa wiki nzima. Tunaomba uwape muda wako.

Tunaomba kuwasilisha.