Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Vijana Wetu na Jamii Isiyokosea

Ndugu wanachama,

Kwa niaba ya kamati tendaji, naleta mbele yenu taarifa ya mwaka unaomalizika. Mambo ya fedha yamo katika ripoti ya mweka hazina, na habari za wanachama wapya atazieleza katibu, kwa hiyo hayo sitayagusa. Sehemu kubwa ya taarifa yangu inahusu kikundi cha vijana na kitabu kimoja walichokisoma, kwa sababu huko ndiko nguvu za chama zilikokwenda mwaka huu, na huko ndiko lilikotoka azimio mtakalolipigia kura.

Mkutano mkuu uliopita uliamua vijana wasome kitabu kimoja kwa utulivu badala ya kurukaruka. Walichagua *The Giver*, riwaya ya Lois Lowry iliyotoka mwaka 1993 na kupata Medali ya Newbery, tuzo ya Marekani ya vitabu vya watoto, mwaka 1994. Kwa ambao hawajaisoma: ni habari za Jonas, mtoto anayetimiza miaka 12 katika jamii isiyojua njaa, vita wala ukosefu wa kazi. Kila familia hupewa watoto wawili, wa kiume na wa kike, waliozaliwa na wanawake wengine ambao kuzaa ndiyo kazi yao. Mume na mke huunganishwa na kamati. Mtoto akifika miaka 9 hupewa baiskeli. Akifika 12 hutangaziwa kazi yake. Jioni familia husimuliana hisia zao, asubuhi ndoto zao, na mtoto anayeanza kupata matamanio ya mwili hupewa kidonge cha kila siku cha kuyazima. Jonas anateuliwa kuwa mpokeaji wa kumbukumbu za ulimwengu wa zamani, ambazo mzee mmoja amezibeba kwa niaba ya wote: theluji, jua, rangi, na pia mguu uliovunjika na uwanja wa vita.

Jambo la kwanza ninalotaka mlijue ni kwamba wengi wa vijana wetu waliipenda jamii hiyo. Katika vikao vya mwanzo waliitetea, tena kwa hoja. Mvulana mmoja alisema mahali ambapo hakuna anayechekwa kwa umbo lake wala kwa umaskini wa kwao, yeye angehamia hata leo. Msichana aliyekaribia kumaliza shule akasema ni afadhali wazee waliomwangalia tangu utotoni wamchagulie kazi, kuliko yeye abahatishe halafu ajute. Baadhi ya walezi wa kikundi walitamani kuingilia kati wawasahihishe. Utaratibu tuliokubaliana ni kwamba mlezi anauliza, hajibu, nami nawashukuru kwa dhati walivyoushika hata ulipokuwa mgumu. Maana Jonas mwenyewe, akizungumza na yule mzee, anasema hayohayo: watu wakiachiwa wajichagulie wenzi na kazi, si watachagua vibaya? Lowry ameijenga jamii hiyo ivutie kwanza, ndipo aonyeshe inalipiwa gharama gani. Kijana anayeichukia tangu ukurasa wa kwanza amepewa jibu na mtu mwingine, na kwa maoni yangu huyo kitabu bado hajakisoma.

Walianza kuyumba walipofika kwenye karatasi ya masharti. Jonas anapoteuliwa hupewa karatasi yenye masharti manane. Anaruhusiwa kumuuliza yeyote swali lolote, na lazima ajibiwe. Anakatazwa kusimulia ndoto zake. La mwisho linamruhusu kusema uongo. Huyu ni mtoto aliyelelewa asiongope kamwe, kiasi kwamba alipokuwa mdogo alikemewa kwa kusema anakufa njaa wakati alikuwa na njaa ya kawaida tu. Sasa anajiuliza: itakuwaje kama watu wazima wote walipofika miaka 12 waliandikiwa sharti hilohilo? Anao uwezo wa kuwauliza. Hana njia ya kujua kama atakachojibiwa ni kweli.

Kikao kizima kiliishia kwenye ukurasa huo. Msichana wa miaka 13, ambaye kwa kawaida hukaa nyuma bila kusema neno, alikwenda ubaoni akaandika majina ya watu wa nyumbani kwa Jonas, akachora mishale ya nani anamwamini nani. Kisha akaanza kuifuta mmoja baada ya mwingine, kila mara akiwauliza wenzake wamtajie sababu ya kuubakisha. Walijaribu. Mmoja akasema baba ni mpole. Mwingine akasema wanaombana radhi kila wanapokoseana. Msichana akawauliza kama kuomba radhi kwa maneno ya kukariri kunathibitisha chochote, akafuta. Yule mvulana aliyetaka kuhamia akanyamaza kwa muda, halafu akauliza swali ambalo naona lilizidi yote ya mwaka: hiyo kamati inayochagulia watu kazi, yenyewe inachaguliwa na nani, na nani anaweza kuikatalia? Hakuna mlezi aliyemtia maneno hayo kinywani.

Kutoka hapo mazungumzo yalihamia kwao wenyewe bila kusukumwa. Walizungumzia simu zinazowapangia video inayofuata kabla hawajajua wanataka nini, na wakabishana kama huko ni kuhudumiwa au kuchaguliwa. Hawakufikia mwafaka, na sikuona sababu ya kuwalazimisha.

Kikao kingine nitakikumbuka kwa namna yake. Lowry ameeleza kwamba wazo la kitabu lilitokana na ziara zake kwa baba yake mzee aliyekuwa akipoteza kumbukumbu. Baba alikuwa amesahau kwamba binti yake mkubwa, Helen, alishafariki, na mwandishi akajikuta akifikiria ingekuwaje kama binadamu wangeweza kuyaondoa yote yanayowaumiza. Mlezi alipowasimulia hayo, mvulana wa miaka 14 alisema bibi yake yuko katika hali hiyo: humuuliza babu yuko wapi, huambiwa alishafariki, hulia kama anasikia kwa mara ya kwanza, na kesho yake huuliza tena. Akasema yeye siku hizi humjibu kwamba babu ametoka kidogo, atarudi. Akatuuliza kama ndivyo wanavyofanya wale wa kwenye kitabu. Ndugu wanachama, nilikuwapo. Vijana hawakumpa pole na kupita. Walimjibu kwa uzito. Mmoja alisema tofauti iko kwa anayebeba: mjukuu anabeba ukweli kwa ajili ya mtu mmoja anayempenda, wakati jamii ya Jonas imemtwika mzee mmoja machungu ya watu wote ili wengine wasisumbuke. Mwingine hakukubali, akasema uongo ni uongo hata ukiwa wa huruma, na kwamba bibi angekuwa na fahamu zake angetaka kuambiwa. Mvulana alisikiliza pande zote mbili. Mimi nina rai yangu, ila nimechagua kuibakiza moyoni, kwa kuwa ilikuwa haki yake kuondoka na swali lake likiwa zima.

Sasa nije kwenye lililoleta mvutano. Katika kitabu, watu wanaoondolewa katika jamii husemwa kuwa wameachiliwa, na hakuna anayeuliza wanakwenda wapi. Jonas anapata nafasi ya kutazama. Anamwona baba yake, ambaye kazi yake ni kulea vichanga, akiwapima pacha wawili, akimchoma sindano aliye mwepesi zaidi na kumuaga kwa sauti ya upole. Wazazi kadhaa walituomba sura hiyo irukwe. Hofu yao ninaiheshimu, na si mpya: kitabu hiki kimo katika orodha ya Chama cha Maktaba cha Marekani ya vitabu vilivyopingwa zaidi katika miaka ya 1990. Kamati ilikaa nao, ikaamua sura isomwe, kwa masharti kwamba walio chini ya miaka 12 wasiwe kwenye kikao hicho, na kila mzazi apewe nakala aisome kabla ya mwanawe. Kuiruka kungekuwa kuwafanyia vijana wetu kile ambacho kitabu kinakisimulia: wachache kujua, na wengine kulindwa wasijue.

Sura yenyewe waliipokea kwa namna ambayo wazazi waliohudhuria hawakuitarajia. Kifo cha mtoto kiliwaumiza, lakini kilichowakasirisha ni ile sauti ya upole. Swali likawa moja: je, yule baba anajua anachokifanya? Upande mmoja ulishikilia kwamba hajui, kwa kuwa hana kumbukumbu ya kifo wala ya msiba, kwa hiyo hana hatia. Upande wa pili ukasema mikono yake inajua, maana anaijua sindano na anajua pa kuuweka mwili baadaye. Mzazi mmoja aliyekuwa mstari wa mbele kutaka sura irukwe aliomba nafasi ya kusema, akaungana na upande wa pili, na wakambishia kwa adabu kama wanavyobishiana wao kwa wao. Tangu siku hiyo amekuwa mlezi wa kujitolea.

Kuhusu mwisho wa kitabu sitasema mengi. Jonas anatoroka na mtoto mchanga, Gabriel, na mwandishi anatuacha wakiteleza kwenye theluji kuelekea taa na muziki, bila kutuhakikishia kama wamefika au wanakufa kwa baridi. Akipokea medali mwaka 1994, Lowry alisema hakuna tafsiri moja iliyo sahihi, kila msomaji ana yake. Baadaye aliandika vitabu vitatu vingine, *Gathering Blue* mwaka 2000, *Messenger* mwaka 2004 na *Son* mwaka 2012, na humo yapo majibu. Tuliwaomba vijana wasiviguse mpaka kila mmoja awe ameandika mwisho wake. Wapo walioshindwa kuvumilia, jambo ambalo kwa msomaji siwezi kuliita kosa. Maandiko yao yamefungwa katika jalada moja lililoko kwa katibu, na nawasihi sana myasome. Waliompa Jonas mauti wameandika vizuri kuliko waliomwokoa, isipokuwa mmoja, ambaye amemrudisha kijijini kwake na kumfanya abishe hodi kwa baba yake.

Mengine kwa ufupi. Mahudhurio yalipungua wakati wa mitihani yakarejea baada yake. Nakala za vitabu hazikutosha, vijana wakasoma kwa kupokezana, na hilo lazima lipatiwe ufumbuzi kabla ya kitabu kijacho. Walezi wanahitaji mapumziko na wasaidizi. Wanachama wenye nafasi wajiandikishe kwa katibu.

Kwa mwaka ujao, vijana wenyewe wamependekeza *Walenisi* ya Katama Mkangi, iliyotoka mwaka 1995. Wanasema wametosheka kuona jamii inavyoharibika kwa kisingizio cha usawa, sasa wanataka kusoma mwandishi wa Kiswahili anayeuamini usawa, waone kama atawashawishi. Kamati inaunga mkono.

Linabaki azimio. Kwa katiba yetu ya sasa, vitabu vya vijana huteuliwa na kamati ya watu wazima. Mwaka huu tuliwaachia wachague kwa ridhaa tu. Kikundi cha vijana kinaomba viti viwili vyenye haki ya kura katika kamati ya uteuzi wa vitabu, vijazwe kwa uchaguzi wao wenyewe. Kamati tendaji imeligawanyikia suala hili. Wanaopinga wanahofia umri na uzoefu. Mimi naunga mkono, na nitapiga kura hivyo. Kwa kuwa ni badiliko la katiba, theluthi mbili ya waliohudhuria inahitajika. Wawakilishi wawili wa vijana watapewa nafasi ya kuwasilisha hoja yao kabla ya kura, nanyi mtakuwa huru kuwauliza swali lolote.

Mwenyekiti