Barua kwa Somo Kabla ya Safari ya Ukerewe

Mwanza, Jumapili jioni

Somo yangu mpendwa,

Orodha yako ya vitu vya kubeba imenifika. Nimeisoma huku nachambua dagaa, nikacheka mpaka watoto wakaja kuuliza kulikoni. Vitu 31! Pasi ya umeme ya nini, somo? Unakuja kutembea Ukerewe au unahamia?

Soksi nzito na blanketi ni mambo ya Iringa. Huku mchana joto linafika nyuzi 28, na usiku shuka linakutosha. Taulo nalo liache, beba khanga doti moja. Kipande kimoja ni taulo, shuka, na pazia la gesti isiyo na pazia. Kingine utajitanda upepo ukianza juu ya meli ya kwenda Nansio, bandari ya Ukerewe, maana ni zaidi ya saa tatu majini.

Kinachoharibu safari huku ni maji. Mara yangu ya kwanza kwenda kisiwani kwa mtumbwi niliweka begi chini, kwa kuwa kila mtu kaweka chini. Kumbe maji huwa yanapenya taratibu, na kuna kijana kazi yake ni kuyachota kwa dumu lililokatwa. Siku hiyo kijana alikuwa anapiga stori. Tulipofika, nguo zangu zilikuwa zimelowa maji yenye petroli na magamba ya samaki, na harufu ile nimeifua mara tatu haikutoka. Mama niliyekaa naye alifungua ndoo yake ya rangi yenye mfuniko, akatoa gauni kavu kama limetoka kabatini. Sikumsemesha tena.

Ndoo huwezi kuibeba mgongoni, na rambo zilipigwa marufuku tangu Juni 2019. Kwa hiyo nenda kwa muuza sukari wa jumla, omba ile nailoni ngumu ya ndani ya kiroba cha kilo 50. Ioshe vizuri, la sivyo utasafiri na sisimizi. Itandaze ndani ya begi, panga vitu, kunja mdomo wake mara tatu, kaza kwa mpira wa tairi la baiskeli. Usiseme begi lako haliingizi maji kwa sababu muuzaji kakwambia hivyo. Mvua za ziwani hupenda kuja usiku wa manane, na zikija zinakuja na radi.

Chandarua beba chako. Vya gesti nyingine panya anapita bila kuinama. Utatamani kuoga ziwani ukiona watoto wanapiga mbizi. Jizuie. Vijidudu vya kichocho hutoka kwa konokono wa majini na kupenya ngozi nzima, bila hata mchubuko. Najua wakati wa kushuka mtumbwini utakanyaga maji tu. Basi ukirudi nyumbani usikimbilie kupima wiki hiyohiyo, subiri wiki 6 hadi 8.

Jaketi la kujiokolea nitakuazima langu. Linajaza mikono, najua, lakini livae mwanzo hadi mwisho, hata wakikwambia tumeshafika. MV Nyerere mwaka 2018 ilipinduka ikiwa imeshakaribia gati la Ukara. Hapo sina utani.

Hela taslimu gawa sehemu mbili. Wakala wa kisiwani anaweza kukwambia hana pesa mpaka watu watoke mwaloni wanakoshusha samaki, na wewe una njaa. Ongeza kufuli dogo, maana komeo nyingine ni za kuzuia upepo tu. Na kila unapolala, nitumie jina la gesti na la kisiwa. Unasafiri peke yako, sawa, ila si kwa siri.

Ukishapanga, livae begi upande nalo jiwe la Gangilonga hapo kwenu Iringa. Ukilitua njiani hata mara moja, punguza. Bakiza na nafasi ya dagaa, kwa sababu najua utaniomba siku ya mwisho tukiwa tayari stendi ya Nyegezi.

Sweta beba moja, la kijivu. Lile langu, uliloazima siku mbili, mwaka juzi.

Ni mimi,
Somo yako