Mama mkwe mtarajiwa hanywi chai yangu kisa tamthilia, nishaurini

Habari zenu wapendwa, wakubwa shikamooni. Mimi ni binti wa miaka 27, niko Moshi hapa Majengo, nina kisaluni changu cha kusuka na pia naigiza, ila msinitafute maana tamthilia yenyewe siitaji.

Mwaka juzi nilipanda basi kwenda Dar kwenye usaili nikapewa sini tatu tu za dada wa kazi, sasa sijui walinipendea nini maana kuitwa mara ya pili naambiwa dada wa kazi kaolewa, kawa mke mdogo, na huyo mke mdogo ana roho mbaya hatari mpaka anamtilia mama mkwe sumu kwenye chai. Nikaicheza ile sini mpaka dairekta akapiga makofi. Kumbe najichimbia.

Nina mchumba, mwaka wa nne huu, kwao Marangu. Krismasi iliyopita tukapanda wote, si mnawajua Wachaga na Krismasi, nyumba imejaa, mbege, ndafu, kelele mpaka usiku. Mi nikajiongeza nikaamka alfajiri nikapika chai ya maziwa na tangawizi nikampelekea mama. Akapokea kikombe, akakiangalia, akaniangalia mimi, akasema mwanangu siku hizi nina presha chai sinywi. Haya. Kidogo tu naingia jikoni namkuta anakunywa chai aliyopika wifi, tena na mkate juu! Nilijifanya nimekuja kuchukua maji. Na watoto pale nje wananiita jina la kwenye tamthilia siku nzima.

Siku ile mchumba alicheka sana. Sasa hivi hacheki, maana ukoo umekaa na mjomba wake mmoja, meku, yaani mzee, mwenye sauti kule kwao, kasema mahari haipelekwi mpaka niache huo mchezo. Nimemwambia mchumba mbona Natasha na mwanae Monalisa wote waigizaji na heshima zao wanazo, na bibi yangu kipindi kile kundi la maigizo la Kaole wanaanza ITV ulikuwa humtoi sebuleni hata kwa moto, ananijibu hao wako Dar sisi ni wa Marangu.

Sasa wiki hii nimeitwa tena, msimu wa pili, elfu 80 kwa siku ya kushuti, na safari hii mama mkwe anakufa kabisa. Hela naihitaji, saluni bila Desemba ni kukaa tu unapiga miayo. Ila na wao wana siku zangu nane za msimu uliopita hawajalipa, ukiuliza unaona tiki za bluu basi. Kuna wakati nawaza niachane nao wote niende zangu chuo cha sanaa TaSUBa Bagamoyo nikasome nipate cheti, labda nitapewa na mimi hata nafasi ya nesi, ila ada sina na mchumba hiyo ndo hataki hata kuisikia.

Mkataba wanautaka Jumatatu. Nimefikiria nimuombe mwandishi anibadilishe nitubu, naogopa wataniona najifanya staa wanitoe. Waliowahi kuolewa na familia za hivi nisaidieni, nisaini au nisisaini? Na Jumapili nitapanda tena Marangu kuna kipaimara cha mdogo wake, ile chai nipike au nikae na wageni tu?