YAH: Malalamiko kuhusu jakuzi lililofungwa bila maandalizi na pampu isiyoendana na umeme wa Zanzibar

Uongozi,
Nyumba ya Wageni,
Paje, Unguja.

Kwa Meneja wa Mauzo na Ufungaji,

Tunawaandikia kuhusu jakuzi la watu sita mlilotuletea Jumatatu ya wiki iliyopita na kulifunga kesho yake. Mpaka leo hajaingia mgeni hata mmoja. Tulishapiga simu mara nne, na kila mara jibu limekuwa kwamba umeme wa huku ni mdogo. Jibu hilo hatulikubali, na sababu zetu ni hizi.

Umeme tumeupima asubuhi, mchana na saa moja jioni wakati matumizi ni makubwa: haukushuka chini ya volti 222. Kasoro imeandikwa kwenye kibati cha mota ya pampu yenyewe: volti 240, Hz 60 (mapigo ya umeme kwa sekunde), mizunguko 3,450 kwa dakika. Umeme wa Unguja, kama wa Tanzania nzima, ni Hz 50. Mota ya namna hiyo ikipewa Hz 50 hushuka hadi mizunguko kama 2,850, kwa hiyo msukumo wa maji hupungua. Wakati huohuo chuma chake cha ndani hubebeshwa sumaku kupita kiwango kilichoundiwa, koili zikavuta ampia nyingi na kuchemka. Ndiyo maana inazima yenyewe baada ya dakika 20 au 25, ikipoa inawaka tena. Ukiweka kiganja juu ya gamba lake huwezi kuhesabu hadi tatu. Na maji yakipita polepole, kitambuzi nacho hukata hita ili isiungue, hivyo maji hayafiki nyuzi 38 hata pampu ikiachwa usiku kucha. Stabilaiza mliyotushauri tununue haitatibu kitu: hurekebisha volti, Hz haizigusi. Jakuzi hili lilitengenezwa kwa soko la Marekani, na mlipaswa kulibadilisha pampu kabla halijatoka ghalani kwenu.

Jambo la pili ni la hatari, na jakuzi tumelizima wenyewe kwenye swichi kuu bila kuwasubiri. Fundi wenu aliunga jakuzi kwa waya wa mm 2.5 kutoka kwenye laini ya soketi za jikoni, ile ile ya friji. Hita ni kW 3, pampu inakaribia kW 2. Kwa volti 230 hizo peke yake ni ampia 22, friji hazijahesabiwa. Hakuna RCD. Watu wanakaa ndani ya maji, miguu mitupu, halafu hakuna kinachokata umeme ukivuja! Jakuzi hutakiwa kuwa na laini yake lenyewe kutoka kwenye bodi: waya wa mm 6, breka ya ampia 32, RCD ya miliampia 30, waya wa ethi uliopimwa, na swichi ya kuzimia inayoonekana kutoka kwenye jakuzi lakini umbali wa mita 2 au zaidi, ili aliye majini asiifikie.

Kuhusu sakafu, vijana walioleta mzigo hatuwalaumu. Walikuta pevingi juu ya mchanga, wakaweka, kwa sababu hakuna aliyewaambia vinginevyo, wala sisi hatukuambiwa. Hesabu yake ni fupi. Jakuzi tupu ni kilo 340, maji lita 1,250 ni kilo 1,250, watu sita tuseme kilo 450: jumla zaidi ya tani 2 kwenye mita za mraba zisizofika 5. Tuliweka pima maji juu ya ukingo siku ya tatu, na kona ya upande wa bahari ilikuwa imeshuka sentimita 2. Ikiendelea hivyo ganda litajipinda na mabomba yatachomoka kwenye gundi. Kinachofaa ni jamvi la zege la sentimita 10 hadi 15 lenye BRC (wavu wa chuma) ndani, lililonyooka, lililomwagiliwa siku 7 na kuachwa likomae hadi siku 28 kabla ya kubebeshwa mzigo. Kwa hiyo maelekezo hayo yalitakiwa kutufikia mwezi mzima kabla ya lori.

Mlango wa mashine nao umeelekezwa ukutani, na nafasi iliyobaki ni sentimita 18. Fundi anahitaji 60 angalau. Kwa tochi tunaiona yunioni ya pampu (kiungio cha bomba) ikidondosha tone moja kila sekunde, na mkono haufiki. Yunioni hulegea kwa mitikisiko ya safari. Kila moja hukazwa kwa mkono na oringi yake (mpira wa kuzuia maji) kukaguliwa kabla ya kujaza maji. Hilo ni la dakika kumi, na halikufanyika.

Tunachodai: mlete pampu ya Hz 50, mligharamie jamvi jipya na laini ya umeme kwa viwango tulivyotaja, mligeuze jakuzi mlango uelekee bustanini, na muongeze muda wa dhamana uanze siku litakapowashwa likiwa salama. Kama hamna pampu hiyo, lichukueni na mturudishie fedha yote pamoja na nauli ya boti. Tunawapa siku 14 tangu kupokea barua hii; baada ya hapo tutaipeleka kwa mwanasheria wetu.

Mkija, tutakuwa tumeshamwaga maji. Njia ya pembeni ina upana wa mita 1.3, na jakuzi likisimamishwa kwa ubavu linapita, ila tawi la mwarobaini liko chini ya mita 2.4, tutalikata kabla. Njooni na watu wasiopungua sita na toroli lake. Msilijaze kwa maji ya kisima: yana chumvi na chokaa, yatakula hita. Tutaagiza boza.

Wenu,
Uongozi