"Fundi, sabuni yenu inaisha haraka"

Wiki iliyopita mama mmoja aliingia dukani kwetu na kopo tupu la sabuni ya unga ya mashine ya kuoshea vyombo, akalibwaga juu ya kaunta. "Fundi, mmenipunja. Mliniambia kilo moja itakaribia miezi miwili, hata mwezi haujafika imekwisha. Bora ningebaki na vidonge vyangu vya sabuni." Si wa kwanza mwaka huu kusema hivyo, na walio wengi hawarudi hata kulalamika, wanakwenda kututangaza huko nje kwamba sisi ni wezi. Basi leo naweka hesabu yote mezani.

Mama yule nilimwomba anionyeshe anavyopima. Tulikuwa na mlango wa mashine umelazwa mezani unasubiri mpira mpya, kikasha chake cha sabuni kizima. Akamimina unga mpaka ukafurika, akausawazisha kwa kidole, na ule uliomwagika pembeni akausukumia ndani usipotee. Nikakikung'utia kikasha chote kwenye mizani: gramu 44. Vyombo vya kawaida vya nyumbani vinataka gramu 20 hivi, 25 vikiwa na mafuta mengi. Ndani ya kikasha kuna mistari ya kupimia, ila wengi hawajawahi kuiona kwa sababu imefunikwa na unga wa jana ulioganda. Kilo moja kwa gramu 20 inaosha mara 50. Kwa gramu 44 unapata mara 22, na kuna nyumba inayoosha kila siku. Siku ya 23 lazima uje kutugombeza.

Bei iliyoandikwa juu ya kopo haikuambii kitu mpaka uigawe kwa idadi ya kuosha. Vidonge na vile vifuko laini vinavyoyeyuka ni rahisi kuhesabu, kimoja ni mara moja, pakiti ya 40 ni mara 40 upende usipende. Kwa unga na jeli mkono wako ndio unaopanga bei. Ukipima vizuri, kwa kawaida unga ndio wa bei ya chini kuliko vyote kwa kila kuosha, vidonge vilivyoshindiliwa vinafuata, na vifuko ndivyo vinavyokamua mfuko zaidi, maana unalipia ngozi, rangi na pakiti. Na kwa wanaodhani tunawasukumia unga ili tuwakamue: faida yetu kwenye vifuko ni kubwa kuliko kwenye unga. Nikitaka kukukamua nitakuuzia vifuko na kukutakia siku njema.

Jeli nayo ina jambo lake. Ndani yake kuna maji mengi, na kitoa madoa cha oksijeni kilichomo kwenye unga na vidonge hakikai ndani ya maji, kinapoteza nguvu. Kwa hiyo jeli nyingi zina vimeng'enya vya kula mabaki ya wanga na mayai, lakini vikombe vya chai vinatoka na ile duara ya kahawia chini. Mteja anaona duara, anaongeza jeli, anaosha tena. Kuosha mara ya pili ni lita 10 hadi 15 za maji na karibu uniti moja ya umeme, na hiyo haimo kwenye bei ya chupa aliyoifurahia dukani. Kama nyumba yako hamnywi chai wala kahawa, jeli haina tatizo.

Wenye vidonge wana ugonjwa wao, kutupa kidonge ndani ya mashine, chini kabisa, au kwenye kikapu cha vijiko. Mashine huanza na maji ya kuloweka, kisha inayamwaga yote, ndipo inaingiza maji mapya na kufungua kikasha cha mlangoni. Kidonge kilichotupwa chini kinayeyukia kwenye maji ya kwanza na kwenda nayo bombani, na uoshaji wenyewe unafanywa na maji matupu. Kaka mmoja alituita akisema hita imekufa. Tulipima hita, tukapima pampu, tukafungua chujio, kila kitu kizima. Ndipo nikamwambia aipakie kama anavyopakia siku zote, nikaona kidonge kinatua kwenye kikapu kati ya uma. Alilipia safari ya fundi kwa kosa ambalo ningemwambia bure kwenye simu, na hakupenda. Ila petroli nayo hainunuliwi kwa pole. Kama vyombo vimegandamana kweli, hapo ndipo unga unapowashinda wenzake, kwani unaweza kunyunyiza kijiko kidogo juu ya mlango kwa ajili ya maji ya kwanza na kipimo chako kikabaki kikashani.

Kukata nusu kidonge kilichoshindiliwa, sawa, nimefanya hata mimi. Kifuko usikikate. Kuna aliyekikata kwa mkasi akaja na vidole vinanata na pakiti nzima imeshikana kama donge moja.

Lawama ya pili kwa ukubwa ni ya chumvi. "Nilikuja kununua sabuni, mkanibambikia na chumvi." Chumvi ya mashine haioshi chombo chochote. Inasafisha kile kilainisha maji kilicho chini, kinachokamata chokaa kabla maji hayajafika kwenye sahani. Kikiishiwa chumvi na maji yako ni magumu, yaani yana chokaa nyingi, chokaa hiyo inakula sabuni, wewe unaongeza sabuni, na tumerudi kwenye gramu 44. Kwa mwenye maji magumu hakuna senti inayorudi haraka kama ya chumvi. Mwenye maji laini haihitaji, na tukishapima maji yake tunamwambia hivyo hivyo, chumvi ibaki rafuni kwetu. Chumvi ya mezani usiitie. Ni laini mno, na ina vitu vilivyochanganywa ili isigandamane. Tumeshakikwangua kilainisha kimoja kilichojaa tope jeupe gumu kama plasta, na tukaishia kukibadilisha kizima.

Glasi zikiwa na ukungu, zipanguse kwa siki kabla hujatupigia. Ukungu ukitoka ilikuwa chokaa. Usipotoka, glasi yenyewe imeliwa, na mara nyingi chanzo ni sabuni nyingi kwenye maji laini na moto mkali. Hiyo haina dawa, wala hatuwezi kukurudishia glasi.

Sasa njia ya mkato inayotuingizia pesa kuliko zote: sabuni ya maji ya kuoshea vyombo kwa mkono. "Imeniishia ya mashine, nikatia tone tu." Mashine inaosha kwa nguvu ya maji yanayorushwa. Povu likijaa, pampu inavuta hewa, maji hayarushwi, na povu linatafuta mlango. Jumamosi moja usiku tuliitwa nyumba ambayo povu lilikuwa limevuka kizingiti cha jiko. Chini ya mashine kuna sinia lenye boya la usalama, na maji yalishaliinua, kwa hiyo mashine ilikuwa inanguruma kumwaga tu, haikubali kuingiza maji mapya. Tulizima umeme, tukafunga maji, tukailaza ubavuni, tukakausha sinia kwa taulo, tukatia kijiko cha mafuta ya kupikia kuua povu, tukaisuuza mara tano. Saa mbili na nusu. Mwenye nyumba akaona bili akasema, "Kulaza mashine tu, ndiyo bei hiyo?" Kulaza tu, ndiyo, pamoja na kujua ni ubavu upi usiopeleka maji kwenye waya.

Na sabuni ya madumu ya mashine za hoteli mnayouziana, iacheni huko huko. Mashine zile zinaosha kwa dakika mbili tatu, ndiyo maana dawa yake ni kali ya kuunguza ngozi. Dada mmoja aliitumia nyumbani kwa sababu dumu lilikuwa rahisi, sufuria zake zote za alumini zikatoka nyeusi.

Yule mama wa kopo tupu nilimpa kijiko cha kupimia cha gramu 20, bure, na akanunua kopo lingine, akiwa bado amenuna kidogo. Chini ya kopo nimeandika tarehe kwa kalamu nene. Tumekubaliana: likiisha kabla ya siku 45 analirudisha, na mizani iko pale pale.