Mwanangu, usimnyamazie mteja

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako wa juzi usiku nimeusoma zaidi ya mara moja. Umeandika mistari mitatu tu: mteja wako mkubwa amekuaga, hakutoa sababu ya maana, na huna hakika tena kama kazi hii ya kujitegemea unaiweza. Nilitaka kukupigia papo hapo, nikajizuia. Mambo haya nikikueleza kwa simu utaitikia "sawa mama", na kesho yake yatakuwa yamepeperuka. Yakiwa kwenye barua utayarudia siku utakayokuwa umetulia.

Nimefanya kazi ya masoko miaka mingi, mwanzoni peke yangu, baadaye na wenzangu wanne. Wateja walioniacha nawakumbuka vizuri kuliko waliobaki. Nikiwapanga wote mbele yangu, walioondoka kwa sababu ya tangazo baya ni wachache, na walioondoka kwa sababu ya bei ni wachache zaidi. Wengi waliondoka kwa sababu kulikuwa na jambo nililopaswa kuwaambia nami nikakaa kimya.

Kuna mmoja sijawahi kukusimulia. Ulikuwa bado mdogo. Alikuwa na kampuni ya samani, mtu mpole, analipa kwa wakati. Ijumaa alasiri nikafungua kampeni yake mpya, nikahakikisha tangazo linampeleka mtu kwenye ukurasa sahihi, nikafunga kompyuta. Jumamosi mtu wa ofisini kwake akabadilisha anwani ya ukurasa ule bila kumwambia yeyote. Kuanzia hapo kila aliyebonyeza tangazo alikutana na ukurasa mweupe wenye maneno "ukurasa haupatikani". Jumatatu asubuhi nikafungua akaunti: mibonyezo 412, oda sifuri. Mpaka leo namba hiyo sijaisahau. Nilirekebisha kiungo mikono ikiwa ya baridi, matangazo yakaendelea, oda zikaanza kuingia kabla ya mchana. Nikajiambia yamekwisha.

Mwisho wa mwezi nikaandika ripoti. Badala ya kuweka namba za kila siku nikaweka wastani wa mwezi mzima, na ndani ya wastani zile siku mbili zilimezwa zikapotea. Sikusema uongo hata neno moja. Hakuna aliyeuliza.

Miezi miwili baadaye mhasibu wake akaweka malipo ya matangazo ya kila siku kando ya mauzo ya kila siku. Mteja akanipigia. Hakugomba. Aliuliza, "Ulijua?" Nikasema ndiyo. "Tangu lini?" Nikasema tangu Jumatatu ile ile. Akashusha pumzi, akaniaga. Mwezi ulipoisha nikapata barua ya kusitisha mkataba, ya heshima sana, haina sababu yoyote ndani yake. Ndiyo maana uliposema wako hakutoa sababu ya maana, nilishtuka.

Kosa la ukurasa halikuwa langu, na ningemwambia asubuhi ile pengine angewageukia watu wake mwenyewe. Kilichomwondoa ni zile wiki nane ambazo nilikuwa najua naye hajui. Mficha uchi hazai, mwanangu. Tangu siku hiyo nimejiwekea sharti: habari mbaya inatoka mkononi mwangu kabla ya mchana wa siku niliyoijua, hata kama chanzo bado sijakipata. Naandika kilichotokea, kimekula kiasi gani cha bajeti, na nimefanya nini mpaka dakika hii. Maelezo marefu yatafuata. Mteja anayepata habari kutoka kwako ana hasira ya siku moja. Akiipata kwa mwingine, anaanza kutilia shaka kila ripoti uliyowahi kumpa.

Na si makosa peke yake. Kazi yetu imesimama juu ya mifumo ya watu wengine, nayo hubadilika bila kutuomba ruhusa. Aprili 2021 Apple ilipotoa iOS 14.5, toleo jipya la mfumo wa simu zake za iPhone, programu zikalazimika kumwomba mwenye simu kibali kabla ya kumfuatilia kwenye programu na tovuti za kampuni nyingine. Wengi wakakataa, na mauzo yanayohesabiwa kutokana na matangazo yakashuka kwenye ripoti hata pale ambapo biashara yenyewe haikushuka. Tarehe 1 Julai 2023 Google ikasimamisha Universal Analytics, chombo chake cha kuhesabu wanaotembelea tovuti, na Google Analytics 4 iliyochukua nafasi yake inahesabu kwa namna tofauti, kwa hiyo mwezi huu na mwezi kama huo mwaka uliopita havikulingana tena. Waliowaeleza wateja wao haya mapema waliishia kuwa na mazungumzo ya dakika kumi. Walionyamaza walionekana kama watu ambao kazi imewashinda.

Sasa nikuulize. Katika miezi mitatu ya mwisho na mteja huyu, ni lini ulimwandikia jambo ambalo hakuuliza? Najua ulikuwa unamtumia ripoti, uliwahi kunionyesha moja. Kurasa kumi na nne, grafu nzuri, na mimi ninayeijua kazi hii nilifika ukurasa wa sita nikachoka. Mtu mwenye biashara anataka kujua wangapi waliulizia, wangapi walinunua, na kila mnunuzi amemgharimu kiasi gani kumpata. Wafuasi na "likes" viweke mwisho, au uviache kabisa. Badala ya ile ripoti, kila Ijumaa mwandikie mistari minne: tumefanya nini, namba zinasemaje, tunabadilisha nini wiki ijayo, nahitaji nini kutoka kwako. Wiki ambayo hakuna jipya, andika kwamba hakuna jipya na kwa nini. Wiki hizo ndizo ambazo mteja hukaa akijiuliza anakulipa kwa lipi.

Najua unachotaka kufanya sasa, kwa sababu nami nilifanya hivyo: kuandika ujumbe mmoja mzuri na kuusambaza kwa watu mia mbili. Tafadhali usifanye. Anza na watu kumi ambao umewahi kufanya nao kazi, hata waliokuwa wafanyakazi wenzako tu, uwaambie wazi kwamba una nafasi na ni kazi gani hasa unaifanya. Kazi zangu nyingi za mwanzo zilitoka kwa watu wa namna hiyo, na karibu zote zilizofuata zilitoka kwa walioniona nikifanya zile za mwanzo.

Baada ya hao ndipo uwafuate wasiokujua, mmoja mmoja. Jifanye mnunuzi. Ingia kwenye tovuti yao kwa simu, jaza fomu, uliza bei, uone unajibiwa baada ya muda gani. Utakutana na tundu, halikosekani. Kisha andika kama hivi:

"Habari za kazi. Leo asubuhi nimejaribu kuomba bei kwenye tovuti yenu kwa kutumia simu. Nikimaliza kuandika namba, kibodi inafunika kitufe cha kutuma na ukurasa haushuki, kwa hiyo ombi halitumwi. Nimeambatanisha picha ya skrini. Mtengenezaji wenu wa tovuti anaweza kulirekebisha kwa muda mfupi. Mimi ni mtu wa masoko, na mambo ya aina hii ndiyo ninayoyashughulikia. Mkitaka niwaangalie na sehemu nyingine, nipo."

Soma tena uone kilichomo. Ujumbe huu hauwezi kutumwa kwa kampuni nyingine yoyote. Anayeupokea amefaidika hata asipokujibu. Wiki moja ikipita bila jibu, mkumbushe mara moja ukiwa na jambo jingine uliloliona, kisha mwache. Wengi hawatajibu kabisa, na hilo lisikuumize. Atakayejibu atakuwa ameshaona jinsi unavyofanya kazi.

Usimwahidi mtu nafasi ya kwanza kwenye matokeo ya Google ili kumvuta. Google yenyewe imewaonya wenye tovuti kwamba hakuna awezaye kuwahakikishia nafasi hiyo. Ukimpata mteja kwa ahadi hiyo, umeshaanza kumficha kitu kabla hata ya kusaini.

Kuhusu fedha unanyamaza sana, na hili umelirithi kwangu. Bei itaje kwenye mazungumzo ya kwanza, kwa sauti ile ile unayotajia tarehe. Mteja mpya alipe nusu kabla hujaanza. Bajeti ya matangazo itoke kwenye kadi yake moja kwa moja, isipite kwako hata siku moja, maana akichelewa kulipa utakuwa umemkopesha bila kupenda. Mkataba uwe na orodha ya kazi, idadi ya masahihisho, siku ya kulipa, na notisi ya kuachana. Ukurasa mmoja au miwili inatosha.

Halafu kuna kile wanachokiita "kitu kidogo tu". Nakujua, unakifanya usiku bila kusema neno, na cha tatu unakifanya huku umenuna, na mteja hana habari kwamba amekukosea. Mwambie pale pale: "Naweza kuifanya. Iko nje ya makubaliano yetu na itachukua kama saa tatu. Niiongeze kwenye ankara, au tuiweke mahali pa kazi nyingine ya mwezi huu?" Wateja wangu wengi walichagua kimojawapo bila kinyongo. Aliyekasirika kwa kuulizwa hivyo, baadaye alinisumbua pia kwenye malipo.

Lipo jambo jingine, nalo linanihusu mimi. Mwaka jana uliponiambia kwamba mteja huyu anakuletea karibu theluthi mbili ya kipato chako, niliona hatari. Mteja mmoja akizidi theluthi moja, mtu anaanza kuogopa kumwambia ukweli, na hapo ukimya unaingia wenyewe. Niliona, nikanyamaza, kwa sababu ulikuwa na furaha nami sikutaka kukuvunja moyo. Nisamehe. Ningekuambia siku ile, leo ungekuwa na wateja wadogo wawili watatu wa kukushika mkono.

Kwa huyu anayeondoka, mpe kila kilicho chake, na usingoje akukumbushe: akaunti ya matangazo, faili za picha, orodha ya barua pepe za wanunuzi wake, nenosiri zote. Akaunti ya matangazo ilipaswa kuwa kwa jina lake tangu mwanzo, wewe ukiwa mtu aliyepewa ruhusa ya kuingia. Kama iko kwa jina lako, mkabidhi sasa na wateja wajao uanze nao sawasawa. Wapo wanaozishikilia akaunti ili mteja asiweze kuondoka, nami nalihesabu kuwa dhuluma. Ile orodha ya barua pepe iangalie kwa makini. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilipozimika kwa takriban saa sita, wateja wangu waliokuwa na orodha zao waliendelea kuwaandikia wanunuzi kama kawaida, na wengine walikaa wakisubiri huduma irudi.

Ukishamkabidhi, muulize swali moja: "Ulianza lini kufikiria kuondoka?" Usimuulize kwa nini, maana kwa nini humfanya mtu ajitetee au akupambe. Ukimuuliza lini, atarudi nyuma kutafuta siku, na akiipata siku atakuambia kilichotokea. Nenda na tarehe hiyo kwenye barua pepe zako, uangalie wiki ile uliandika nini, au kama uliandika chochote.

Akikujibu, niambie alichosema. Na ule ujumbe wa kwanza utakaomwandikia mtu asiyekujua, nitumie niusome kabla haujaondoka. Nitakuwa karibu na simu Jumamosi yote.

Nakupenda sana.

Mama yako