Maadili ya utafiti kwa wanyama hayafundishiki kwa mdahalo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua niseme na walimu wenzangu wa baiolojia. Shule nyingi zikifika kwenye mada ya wanyama wa maabara huitisha mdahalo: upande huu unaunga mkono, ule unapinga, kengele inalia, mshindi anatangazwa. Mwanafunzi anatoka akijua kushinda hoja. Asichokijua ni swali ambalo kamati ya maadili hujiuliza inapoletewa ombi la utafiti: jaribio hili, kwa panya hawa, kwa idadi hii, lifanywe au lisifanywe?

Mdahalo huharibu hata mifano. Anayeunga mkono atataja insulini, iliyopatikana Toronto mwaka 1921 kwa majaribio ya mbwa. Anayepinga atataja thalidomaidi, dawa iliyoanza kuuzwa Ujerumani Magharibi mwaka 1957 na kuondolewa sokoni 1961, maelfu ya watoto wakiwa wamezaliwa na mikono na miguu iliyodumaa. Yote mawili ni kweli. Lakini thalidomaidi haikuwa imejaribiwa ipasavyo kwa wanyama wenye mimba, na ilipojaribiwa baadaye, baadhi ya sungura walizaa watoto wenye ulemavu wa namna ileile, ilhali panya wengi hawakuonyesha dalili hiyo. Somo liko hapo: ni mnyama yupi anayefanana na binadamu katika jambo linalochunguzwa? Kwenye mdahalo swali hilo halipati hata dakika moja.

Vipindi viwili vinatosha kufanya vizuri zaidi. Andaa ombi la utafiti la ukurasa mmoja: idadi ya panya, kila mmoja atafanywa nini, atapewa dawa gani ya maumivu, jaribio litasitishwa akifikia hali gani, na faida inayotarajiwa. Acha mapengo mawili makusudi, kwa mfano usitaje dawa ya maumivu wala kundi la kulinganisha. Ligawe darasa katika kamati za watu watano: mtafiti, daktari wa wanyama, mtu wa takwimu, raia asiye mwanasayansi, na mwenyekiti.

Kabla ya kufungua ombi, tenga dakika 15 kwa swali linalotangulia yote: je, ni halali kumtumia mnyama asiyeweza kukubali wala kukataa? Yupo mwanafunzi atakayesema si halali kabisa. Huo ni msimamo wenye hoja, usimsukume. Kanuni tatu zilizopendekezwa mwaka 1959 na wanasayansi wa Uingereza William Russell na Rex Burch, yaani kubadili (kutumia njia nyingine badala ya mnyama), kupunguza (idadi ya wanyama) na kuboresha (kuwapunguzia mateso), hazilijibu swali hilo. Zinaanzia pale ambapo mtu ameshakubali kwamba wanyama wanaweza kutumika.

Kubadili ni rahisi kueleweka: ngozi iliyooteshwa kutokana na seli za binadamu sasa hupima kama kemikali inawasha, kazi iliyokuwa ikifanywa juu ya mgongo wa sungura.

Kupunguza ndiko kunakokosewa, maana wanafunzi, na walimu pia, hudhani panya wachache ndio wema zaidi. Tia kwenye mfuko vikaratasi 30, kila kimoja kikiwa kipimo cha panya mmoja, vyenye namba kuanzia 16 hadi 24, nyingi zikizunguka 20. Mfuko wa pili uwe vivyo hivyo, ila kila namba iongezwe 2. Kila mwanafunzi achomoe vikaratasi vitatu kutoka kila mfuko, apige wastani, kisha avirudishe. Katika darasa zima wapo watakaopata mfuko wa pili ukiwa chini ya wa kwanza, yaani kinyume cha ukweli. Warudie kwa vikaratasi 17, kosa hilo karibu litoweke. Panya watatu waliokufa bila kujibu swali wamekufa bure, na huenda wengine wakafuata kwa sababu yao.

Kisha wape hesabu hii. Kwa viwango vya kawaida vya takwimu, yaani uwezekano wa 80% wa kuiona tofauti iliyopo na 5% wa kudanganywa na bahati, tofauti iliyo nusu ya mtawanyiko wa vipimo, yaani kiasi ambacho vipimo hupishana kati ya panya na panya, inahitaji panya 64 kwa kila kundi. Mtawanyiko ukipungua nusu, wanatosha 17. Ni kutoka panya 128 hadi 34 kwa swali lilelile.

Mtawanyiko hupunguzwaje? Hapa kuboresha kunakutana na kupunguza. Panya anayenyanyuliwa kwa mkia huwa na hofu kuliko anayeingia mwenyewe kwenye kibomba akabebwa humo, na hofu huvuruga vipimo. Maumivu nayo yanasomeka usoni: kipimo kilichochapishwa mwaka 2010 huangalia macho, pua, mashavu, masikio na sharubu za panya, kila kimoja kikipewa 0, 1 au 2. Wanafunzi wajaribu kukitumia kwa michoro, wala si kwa picha za kutisha. Mtoto aliyeshtuka hafikiri, hutafuta tu wa kumlaumu.

Kipindi cha pili, chora ubaoni mchemraba aliopendekeza Patrick Bateson, mwanasayansi wa tabia za wanyama wa Uingereza, mwaka 1986: upande mmoja mateso ya mnyama, wa pili ubora wa utafiti, wa tatu uwezekano wa faida. Mateso makubwa hayavumiliki pale ubora au faida inapokuwa ndogo. Wataona wenyewe kasoro yake: utafiti wa msingi, yaani ule unaotafuta maarifa kwanza, hauwezi kutabiri faida. Waacheni wabishane hapo, ni ubishi wenye tija. Wakianza kuzungumzia vipodozi, watenganishie mada: Umoja wa Ulaya ulikamilisha marufuku ya kuuza vipodozi vilivyojaribiwa kwa wanyama mwaka 2013, na mizani yake si ile ya dawa.

Kura ya mikono isipigwe. Kila kamati iandike uamuzi: kukubali, kurudisha kwa marekebisho, au kukataa, pamoja na masharti yake. Asiyekubaliana na wenzake aambatishe maoni yake. Katika alama 20, toa 8 kwa mapengo yaliyogunduliwa, 8 kwa masharti yanayotekelezeka, 4 kwa kueleza kwa haki hoja ya asiyekubaliana. Upande aliouchagua mwanafunzi usipewe alama yoyote.

Wako,
Mwalimu wa baiolojia